Tovuti ya Biashara Ndogo Haionekani Google? Fuata Mpangilio Huu

Tovuti ikikaa miezi bila kuleta mteja hata mmoja, mwenye biashara hukimbilia kulipia matangazo, au humtafuta mtu anayeahidi "namba moja Google ndani ya wiki mbili". Mara nyingi tatizo liko chini zaidi ya hapo. Ama roboti ya injini ya utafutaji imezuiwa kuingia bila mtu kujua, ama imeingia ikakuta kurasa zisizosema waziwazi biashara inauza nini. Kununua matangazo na viungo kabla ya kurekebisha hayo ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa hiyo shika mpangilio: kwanza tovuti isomeke, kisha iseme kwa maneno ya mteja, ndipo mengine yafuate.

1. Hakikisha tovuti imo kwenye faharasa

Google, Bing na wenzao hufanya kazi kwa hatua tatu. Roboti hupita mtandaoni zikifuata viungo na kusoma kurasa. Kurasa zinazofaa huingizwa kwenye faharasa, yaani orodha kubwa ya kurasa ambayo injini huihifadhi. Mtu anapotafuta jambo, majibu huchotwa humo na kupangwa. Ukurasa usiokuwamo kwenye faharasa haushiki nafasi ya kwanza wala ya mia.

Andika kwenye kisanduku cha Google neno site, nukta pacha, kisha jina la tovuti yako bila kuacha nafasi: site:mfano.com. Zikitokea kurasa zako, umeanza vizuri. Usipoona hata mmoja, kuna kizuizi au tovuti bado ni changa. Idadi ya matokeo inayotajwa hapo ni makadirio tu, usiitumie kwa hesabu.

Jibu la uhakika linapatikana Search Console, chombo cha bure cha Google. Fungua akaunti, ongeza tovuti, thibitisha kuwa ni yako. Ukiweza, chagua njia ya kuongeza kikoa kizima, maana inajumlisha anwani zote: zenye www na zisizo nayo, za http na za https. Utapewa rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi, ya kubandika kwenye mipangilio ya DNS (inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake), pale uliponunua jina hilo. Wakati mwingine husambaa kwa dakika chache, wakati mwingine huchukua siku moja au mbili. Ukishathibitisha usiifute. Google hurudi kuikagua, na ikiikosa unapoteza umiliki.

Hapo hapo kuna jambo ambalo biashara nyingi hulijutia baadaye: akaunti hii, pamoja na ile ya jina la tovuti, iwe mikononi mwa mwenye biashara. Aliyetengeneza tovuti aongezwe kama mtumiaji. Mkiachana naye, unamwondoa na kazi inaendelea.

Sasa bandika anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu ya Search Console. Utaambiwa kama ukurasa uko kwenye faharasa, na kama haupo, kwa nini. Vizuizi vya kawaida ni hivi:

- Agizo la noindex, linaloiambia injini isiuweke ukurasa kwenye faharasa. Katika WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, fungua mipangilio, sehemu ya kusoma. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Watengenezaji hukitia alama wakati wa ujenzi, tovuti ikazinduliwa bila mtu kukumbuka kuiondoa. Kagua hapa kabla ya kwingine kokote.
- Faili la robots.txt, linaloziambia roboti zisiingie wapi. Fungua mfano.com/robots.txt. Ukiona "User-agent: *" na chini yake "Disallow: /", mkwaju huo mmoja (alama ya /) umezuia tovuti nzima. "Disallow:" isiyofuatwa na kitu haizuii chochote.
- Matoleo mengi ya anwani moja. Kama tovuti inafunguka kwa http na kwa https, kwa www na bila www, kila moja ikibaki palepale, chagua toleo moja la https na yale mengine yaelekezwe huko kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Cheti cha https kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na wenye seva wengi hukiweka kwa kubofya mara moja.
- Maneno yaliyofungwa ndani ya picha. Jaribu kuchagua maandishi ya ukurasa kwa kidole au kipanya. Yasipochagulika, ni picha ya bango, na usitegemee injini iyasome. Orodha ya bei iliyopigwa picha haimsaidii anayetafuta bei.

Kuhusu robots.txt kuna mkanganyiko unaowanasa hata mafundi. Faili hilo huzuia kusomwa, si kuorodheshwa. Ukurasa uliozuiwa humo unaweza bado kutokea Google kama anwani tupu, endapo tovuti nyingine zinauelekezea viungo. Ukitaka ukurasa usionekane kabisa, uwekee noindex na uiache roboti iingie kulisoma agizo hilo. Ukitumia vyote viwili, agizo halisomwi kamwe.

Baada ya hapo wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili la XML lenye orodha ya anwani zako. WordPress, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, hulitengeneza yenyewe kwa jina wp-sitemap.xml. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000, kiwango ambacho biashara ndogo haitakifikia. Ramani hii ni taarifa kwa injini, si amri. Bing nayo ina chombo chake, Bing Webmaster Tools, na unaweza kuhamishia humo taarifa za Search Console badala ya kuanza upya. Inachukua dakika chache, fanya.

Utakutana na kurasa ambazo Search Console inasema zimesomwa lakini hazijaorodheshwa. Hapo hakuna kilichofungwa. Kwa kawaida Google imeona ukurasa ni mwembamba, au unafanana mno na mwingine. Kubonyeza kitufe cha kuomba kuorodheshwa kila asubuhi hakubadilishi kitu. Maombi hayo yana kikomo cha siku, na ukurasa ule ule ukirudishwa hukumu hubaki ile ile. Uandike upya au uunganishe na mwenziwe.

2. Kusanya maneno ya wateja

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Tuchukue biashara ya kukarabati cherehani. Mwenyewe ameandika kwenye tovuti kuwa ni "mtoa suluhisho za kisasa za vifaa vya ushonaji". Hakuna anayetafuta hivyo. Mtu aliyekwama na kitambaa mezani huandika "cherehani inaruka mishono", "cherehani inakata uzi", "bei ya kutengeneza cherehani". Ukurasa usio na maneno hayo, au yaliyo karibu nayo, unaitegemea injini ibahatishe.

Maneno yanayofanana pia yanaweza kuleta watu tofauti kabisa. Anayeandika "fundi cherehani" huenda anatafuta wa kumshonea suruali, si wa kumtengenezea mashine. Ukiujenga ukurasa wako juu ya neno hilo, hata ukipanda utapigiwa simu na watu wa sare na magauni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, litafute wewe mwenyewe kwenye dirisha la faragha na usome ukurasa wa kwanza wa matokeo. Ukijaa washonaji, neno si lako. Ukijaa video na maelezo ya kujirekebishia nyumbani, ukurasa wa kuuza huduma hautapenya, ila makala ya maelezo inaweza. Ukiona ramani na biashara zinazofanana na yako, hapo pana nafasi.

Maneno yenyewe yapo bure. Fungua jumbe za WhatsApp za wateja na unakili jinsi walivyoeleza shida zao, neno kwa neno, hata walipokosea tahajia. Anza kuandika kwenye Google na utazame inavyojimalizia sentensi. Soma maswali ambayo Google huonyesha katikati ya matokeo, na utafutaji unaohusiana chini kabisa ya ukurasa. Muulize anayepokea simu ni swali gani amechoka kulijibu, kwa sababu swali hilo kwa kawaida linastahili ukurasa wake.

Orodha ya vifungu 15 hadi 30 inatosha kuanzia. Usiupiganie msamiati mpana kama "cherehani" peke yake. Umeshikwa na maduka makubwa na kamusi elezo, na anayeutafuta huenda hata hataki kununua. Kifungu cha maneno manne au matano kina watafutaji wachache, lakini wengi wao wana shida mkononi.

Kisha panga vifungu kwa makundi: vinavyojibiwa na ukurasa mmoja viwe kundi moja. "Bei ya kutengeneza cherehani" na "gharama za kukarabati cherehani" ni kundi moja, si kurasa mbili. Ukitengeneza mbili zitagombania nafasi ileile, na Google itabadilisha inayoonyeshwa wiki hadi wiki.

3. Kila huduma na ukurasa wake

Tovuti ya ukurasa mmoja unaoteremka kutoka huduma hadi mawasiliano inapendeza kwa macho, lakini inapotafutwa ni dhaifu, kwa sababu haiwezi kuwa jibu bora la maswali saba kwa pamoja. Kila kundi la maneno lipewe ukurasa wake, na kila ukurasa upitishwe kwenye mambo haya.

*Kichwa cha ukurasa*, yaani tagi ya title, ndicho kinachoonekana kama mstari wa kubofya kwenye matokeo. Weka maneno ya mteja mwanzoni na jina la biashara mwishoni, herufi 50 hadi 60. Kikizidi hukatwa. "Nyumbani" au "Karibu" ni nafasi iliyotupwa. "Kutengeneza Cherehani: Bei, Muda na Dhamana | Jina la Biashara" kinajibu kabla mtu hajabofya. Kila ukurasa uwe na chake. Kichwa kimoja kikirudiwa tovuti nzima, Google huanza kujitungia.

*Maelezo mafupi* chini ya kichwa hayapandishi nafasi, ila humshawishi mtu abofye. Herufi kama 150 zinatosha. Ama orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo, ile tagi ya keywords, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Mtu akikutoza fedha kwa kazi hiyo leo, mwachie aende.

*Anwani* iwe fupi na isomeke: mfano.com/kutengeneza-cherehani. Tenganisha maneno kwa kistari cha kati, si cha chini.

*Mwili wa ukurasa* ndio kazi yenyewe. Aya ya kwanza iseme huduma ni ipi, kwa nani na mteja afanye nini. Kisha yafuate yale ambayo mteja angeyauliza kwa simu: mashine za aina gani mnazipokea, kazi huchukua muda gani, bei inaanzia wapi na nini huipandisha, dhamana inahusu nini na haihusu nini, vipuri vinatoka wapi. Biashara nyingi huficha bei zikiogopa washindani. Washindani wanazijua tayari. Anayekosa ni mteja, ambaye hurudi nyuma na kubofya anayefuata. Usipoweza kutaja bei kamili, taja kiwango cha chini na cha juu na sababu ya tofauti.

Ukurasa uwe na maneno mangapi? Hakuna idadi inayotakiwa. Baadhi ya kurasa hujibu kila kitu kwa maneno 300, nyingine huhitaji 1,500. Kinachoharibu ni kurudia kifungu kimoja kila sentensi hadi lugha inachukiza. Kinachoharibu zaidi ni kutengeneza kurasa arobaini zinazotofautiana jina la mji tu. Google huzihesabu kama udanganyifu, na sheria zake dhidi ya hila za kupandisha nafasi (spam) tangu Machi 2024 zinataja pia maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kuvuta watafutaji, yawe yameandikwa na mashine au na mtu.

*Picha* zipewe majina yenye maana (kubadilisha-sindano-ya-cherehani.jpg, si IMG_2047.jpg) na maandishi mbadala yanayoeleza kinachoonekana. Maandishi hayo kwanza ni ya asiyeona. Injini inanufaika baadaye.

*Viungo vya ndani* husahaulika. Ukurasa wa huduma usiofikiwa kutoka ukurasa wowote mwingine ni yatima, na roboti inaweza isiufikie au ikauona hauna maana. Kila huduma ifikiwe kwa mibofyo miwili au mitatu kutoka ukurasa wa mwanzo, na maneno ya kiungo yataje kilichoko mbele. "Bei za ukarabati" inaeleza. "Bofya hapa" haielezi.

Tovuti yenye lugha mbili iipe kila lugha anwani yake na iziunganishe kwa alama za hreflang, zinazoiambia injini ukurasa upi ni wa lugha ipi. Kitufe kinachobadilisha lugha bila kubadilisha anwani huiacha injini na lugha moja tu.

4. Simu na kasi

Google husoma tovuti kwa jicho la simu. Mpango huo ulitangazwa mwaka 2016 na ukakamilika 2023. Kisichokuwamo kwenye toleo la simu ni kama hakipo. Ikague tovuti kwenye simu ya bei ya chini na mtandao wa kawaida, si kwenye kompyuta ya ofisini.

Pitisha kurasa mbili tatu kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi. Vipimo vitatu vya kutazama: kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na kuyumba kwa vitu wakati wa kufunguka kusizidi 0.1. Ile alama ya jumla kati ya 0 na 100 isikunyime usingizi.

Mkosaji kwa kawaida ni picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ikiwa na megabaiti tano. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 hadi 1,600, ihifadhi kama WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), lenga chini ya kilobaiti 200. Ipe upana na kimo kwenye msimbo ili maandishi yasiruke inapofunguka. Baada ya picha, ondoa programu-jalizi usizotumia na vile vibonyezo vya mazungumzo, matangazo ibukizi na slaidi zinazozunguka ambazo hakuna anayezitazama. Kasi ikishafika kiwango kizuri, achana nayo. Ukurasa mwepesi usiojibu swali bado hautapanda.

5. Biashara kwenye ramani

Kama wateja wanakufuata au wewe unawafuata walipo, wasifu wa Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako kwenye Google na ramani zake, unaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe. Ni bure. Google hupanga matokeo ya ramani kwa mambo matatu: ulinganifu na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu wa biashara. Umbali huwezi kuubadilisha, kwa hiyo shughulika na hayo mawili.

Aina kuu ya biashara ndiyo chaguo zito zaidi. Chagua iliyo mahususi, si ya jumla; unaruhusiwa kuongeza nyingine hadi tisa. Jina liwe lile lililoandikwa kwenye kibao. Kulirefusha kwa maneno ya utafutaji ni kuvunja kanuni, na wasifu husimamishwa. Huna duka la kupokea wateja? Ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia, hadi 20. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: onyesha mtaa, kibao, vifaa vya kazi na ushahidi kuwa wewe ndiye msimamizi, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo. Rekodi bila kukata.

Jina, anwani na namba ya simu viandikwe kwa namna moja kwenye wasifu, kwenye tovuti na kwenye kurasa za mitandao ya kijamii. Namba ya zamani iliyosahaulika mahali fulani huwapoteza wateja kabla haijaisumbua injini.

Omba maoni kwa kila mteja aliyeridhika, siku ileile kazi inapokamilika, kwa kumtumia kiungo kinachotolewa na wasifu wenyewe. Kununua maoni au kuyatolea zawadi ni marufuku. Jibu pia yale makali, kwa ufupi na bila kubishana. Anayesoma jibu lako ni mteja ajaye.

6. Viungo kutoka nje

Tovuti nyingine inapokuelekezea kiungo, injini huchukua hiyo kama ishara ya kuaminika. Ndipo pana biashara nzima ya kuuza viungo kwa mamia, na ndiyo njia ya haraka ya kupoteza fedha: Google imepiga vita viungo vya kununuliwa kwa miaka mingi, hasa tangu Penguin, sasisho la mwaka 2012 la namna inavyopanga matokeo, na siku hizi vingi huvipuuza tu. Umelipa, na hakuna kilichotokea.

Viungo vya halali vya biashara ndogo vinachosha lakini vipo: msambazaji wa vipuri anayeorodhesha mafundi wake, chama cha wafanyabiashara ulichojiunga, chuo kinachopeleka wanafunzi kwako kwa mafunzo, gazeti lililowahi kukutaja bila kuweka kiungo. Waombe. Vitano vya namna hiyo vina thamani kuliko mia tano vya tovuti zisizosomwa na mtu.

7. Pima, kisha gusa

Ripoti ya utendaji ya Search Console huhifadhi miezi 16 na huonyesha maneno yaliyokuleta, mara ulizoonekana, mibofyo na wastani wa nafasi. Ifungue mara moja kwa mwezi. Kuitazama kila siku ni kujipandisha presha. Tafuta kwanza maneno yenye wastani wa nafasi kati ya 8 na 20. Kurasa hizo ziko karibu, na mara nyingi sehemu moja ya ziada inayojibu swali hilo barabara, pamoja na viungo viwili vya ndani, huzisogeza. Pili, tafuta ukurasa unaoonekana sana lakini haubofywi. Kabla ya kulaumu kichwa chake, tazama matokeo yenyewe, huenda Google inajibu swali hilo juu kabisa ya ukurasa.

Badilisha jambo moja kwenye ukurasa, andika tarehe, subiri wiki nne hadi sita. Ukibadilisha matano kwa siku moja hutajua lililofanya kazi. Kwa tovuti mpya, miezi minne hadi mwaka ni matarajio ya kweli.

Na siku utakapotengeneza tovuti upya, kabla ya kuzima ya zamani pakua orodha ya kurasa zenye mibofyo kutoka Search Console. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, si zote kwenye ukurasa wa mwanzo, na maelekezo hayo yakae angalau mwaka mmoja. Siku ya uzinduzi, rudi kukagua kile kisanduku cha noindex.